Huyo mbeba maji ndiye aliyeinua kombe

Ndugu Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma kurasa zenu za michezo na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Mfaransa Didier Deschamps imenishinda kuvumilia. Mwandishi wenu kamwita kocha wa bahati, mchezaji wa kawaida, kisha akalichomoa lile neno la Mfaransa mwenzake, mshambuliaji Eric Cantona, la mwaka 1996: "mbeba maji", yaani mtu wa kuwanyang'anyia wenzake mipira tu.

Bahati gani hiyo ya kumfuata mtu miaka yote hii? Mwaka 1993 alikuwa nahodha Marseille ilipoifunga AC Milan na kutwaa ubingwa wa Ulaya. Mwaka 1996 akautwaa tena na Juventus. Mwaka 1998, fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa ikailaza Brazil 3-0 Saint-Denis, kando ya Paris, kitambaa cha unahodha kikiwa mkononi mwake, na miaka miwili baadaye akabeba kombe la mataifa ya Ulaya. Akiwa kocha aliipeleka Monaco fainali ya 2004, Real Madrid ikitolewa njiani. Juventus iliposhushwa daraja na kukatwa pointi mwaka 2006, yeye ndiye aliyekwenda kuipandisha. Marseille ilikuwa na kiu ya ubingwa wa ligi kwa miaka 18, akaipa 2010. Kisha Kombe la Dunia 2018 akiwa na Ufaransa. Waliolitwaa wakicheza na wakifundisha ni watatu tu: Mario Zagallo, Franz Beckenbauer na huyo wenu wa kawaida. Timu yake huchosha kuitazama wakati mwingine, hilo nakubali. Lakini fainali ya 2022, akiwa nyuma 2-0, alitoa washambuliaji wawili kabla hata ya mapumziko, na mechi ikafika 3-3. Penalti ndizo zilizomnyima.

Neno "mbeba maji" limenigusa pabaya kwa sababu mwanangu anacheza namba sita, kiungo mkabaji. Mwaka jana timu yao ilishinda fainali ya mashindano ya vijana mtaani kwetu. Mtangazaji mwenye kipaza sauti alimtaja mfungaji mpaka sauti ikamkauka. Jina la mwanangu halikusikika hata mara moja, na dakika 90 nzima namba kumi, mchezeshaji wa wapinzani, hakugeuka na mpira kwa sababu yake. Mfungaji alipewa viatu, kipa akapewa glavu. Mwanangu aliitwa mbele, nikasimama kupiga makofi, kumbe anakabidhiwa kreti la chupa tupu za maji alirudishe dukani. Alilibeba, goti limechunika, soksi imetoboka kisigino. Usiku akaniuliza, "Baba, na mimi nibadilishe namba?"

Na wachambuzi wa redioni ni hao hao. Saa nzima ni nani kafunga, nani anauzwa wapi. Hata jezi mitaani, tafuta yenye jina la kiungo mkabaji uone kama utaipata.

Naomba kila Jumatatu, chini ya orodha ya wafungaji, mchapishe jina la mchezaji aliyenyang'anya mipira mingi zaidi, kwa herufi za ukubwa ule ule. Mtumeni mtu uwanjani na daftari akahesabu. Toleo la kwanza muweke picha ya Deschamps akiwa na jezi ya Ufaransa, na chini yake muandike: mechi 103, mabao 4. Nitaikata niibandike juu ya kitanda cha mwanangu.

Mzazi wa namba sita,
Morogoro