Taa ya ABS kuzimika hakuthibitishi kwamba breki ziko sawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kubadilisha ringi za pikipiki mpya ni kazi ya spana tu: ekseli ikipita, sensa (kile kifaa kinachosoma mzunguko wa gurudumu) ikakaa mahali pake na taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukishika breki, ikazimika baada ya kutembea kidogo, mkabidhi mwenyewe ufunguo aende zake. Mimi ni fundi pikipiki, na kauli hiyo imeninyima raha, kwa sababu vijana wanaojifunza kazi wanasoma gazeti hili na wataishika.

Taa ile ikizimika ina maana moja tu. Kompyuta ya ABS inapata hesabu kutoka magurudumu yote mawili na haijaona kasoro kubwa ya kuifanya iikatae. Kama hesabu yenyewe ni ya kweli au la, taa haijui.

Pembeni mwa habu, yaani kitovu cha gurudumu, kuna pete nyembamba yenye matundu. Sensa haiigusi. Huwa karibu nayo sana, mara nyingi milimita moja hivi, na kila tundu linapopita hutuma ishara. Kompyuta haioni ukubwa wa tairi. Inahesabu ishara na kupiga mahesabu kwa mzingo iliowekewa kiwandani. Ndiyo maana pete mbili zinaweza kulingana kabisa ukizilaza moja juu ya nyingine, lakini zikitofautiana idadi ya matundu, mwendo unaosomwa ni wa uongo. Wanaonunua ringi kwa kutazama upana na rangi hawayahesabu matundu hayo.

Chukua badiliko linalopendwa na waendeshaji wa njia za vumbi, la kutoa ringi ya mbele ya inchi 19 na kuweka ya 21. Tairi la 110/80 (upana wa milimita 110, na kimo cha asilimia 80 ya upana huo) kwenye inchi 19 lina mzingo wa karibu milimita 2,070. La 90/90 kwenye inchi 21 linafika karibu 2,185. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya asilimia 5. Pete ikiwa ileile, gurudumu kubwa huzunguka taratibu zaidi kwa mwendo uleule, na kompyuta inaona la mbele linachelewa. Ukishika breki kwa nguvu, hesabu inaanza ikionyesha tayari kwamba tairi la mbele linaelekea kufunga, yaani kuacha kuzunguka, na breki inaweza kulegezwa kabla ya wakati wake. Ukivuta mafuta, gurudumu la nyuma linaonekana kama linateleza, na pikipiki yenye mfumo wa kuzuia utelezi inaweza kukupunguzia nguvu ukiwa katikati ya kulipita lori.

Najua nitaambiwa kwamba tairi likilika nalo hubadilisha mzingo. Ni kweli. Likilika milimita 5, mzingo hupungua kama milimita 31, yaani asilimia moja na nusu hivi, na watengenezaji huacha nafasi kwa ajili hiyo. Ukiingiza asilimia 5 kwa mkupuo, nafasi hiyo umeimaliza hata kabla tairi halijaanza kulika.

Kuna jambo jingine ambalo taa haikuoneshi. Niliwahi kuletewa pikipiki iliyokuwa ikitetemesha mkono wa breki kila inapokaribia kusimama, kwenye lami kavu, na taa imezimika vizuri. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha pedi na mafuta ya breki. Niliinua gurudumu nikalizungusha polepole kwa kidole, macho kwenye ule mwanya wa sensa. Mahali pamoja pete ilijongea hadi karibu kugusa, kisha ikaachana na sensa kupita kiasi, kwa hiyo ishara zilikuwa zikikatika na ABS ikilegeza breki bila sababu. Ilikuwa imepinda, bila shaka siku gurudumu lilipolazwa chini, pete ikielekea sakafuni, tairi likikandamizwa. Nilifunga pete mpya, nikapima mwanya kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kuzunguka pande zote, na mtetemo ukaisha. Nawasihi mafundi wenzangu: laza gurudumu upande usio na pete, au uliinue kwa mbao. Na zile pete ambazo zenyewe ni za sumaku, usizisogezee sumaku ya kuokotea boliti.

Kupima mzingo hakuhitaji mashine. Jaza upepo sawasawa, tia alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, mtu akae juu ya kiti, isukume pikipiki moja kwa moja mpaka alama irudi chini, kisha pima kwa futi. Fanya hivyo kwa gurudumu la zamani kabla hujalifungua, halafu kwa jipya. Vipimo vikitofautiana, uliza kama kompyuta ya pikipiki hiyo inaweza kuingiziwa vipimo vipya. Baadhi zinakubali, nyingine hazikubali kabisa. Isipokubali, mwambie mteja ukweli, na ringi irudi ilikotoka.

Nawe Mhariri, nina ombi. Wauzaji wa ringi wanaotangaza katika kurasa zako huandika inchi na rangi tu. Watakeni waandike pia idadi ya matundu ya pete, mzingo wa tairi linalokusudiwa, na aina ya pikipiki ambayo ringi hizo zimejaribiwa.

Wako,
Fundi pikipiki