Wazoefu waache kuficha maumivu ya kichwa vibandani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Kuna jambo linaniumiza kila ninapolala kwenye vibanda vya juu mlimani, vile ambavyo wapandaji wa kamba na barafu huvitumia kabla ya kwenda kileleni. Wenzangu wazoefu, watu ninaowaheshimu sana, wanaficha ugonjwa. Mgeni akiumwa kichwa husema mara moja. Mzoefu hunyamaza, anameza dawa ya maumivu gizani, halafu saa nane za usiku anavaa kamba kama wengine.

Ugonjwa wa kimo, yaani ule unaompata mtu akipanda juu kwenye hewa yenye oksijeni kidogo, hauangalii umepanda milima mingapi. Mwaka 1990 madaktari walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wapandaji 466 katika vibanda vinne vya milima ya Alps. Kwenye mita 2,850 waliougua walikuwa asilimia 9. Kwenye kibanda cha Margherita, kinachopita mita 4,550, walikuwa asilimia 53. Hao hawakuwa watalii wa kupiga picha, walikuwa wapandaji. Na kibanda cha Austrian, pale Mlima Kenya wanapolala wanaokwenda kupanda mwamba wa Nelion, kiko juu zaidi: mita 4,790. Hapo oksijeni unayoivuta kwa kila pumzi inazidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Mwili uliozoea hewa hiyo mwaka jana umeshasahau, maana mazoea hayo hupotea majuma machache baada ya kushuka.

Niliwahi kulala kitanda cha jirani na mpandaji mmoja hodari. Jioni hakugusa chakula, akasema amechoka. Usiku alikuwa anaacha kupumua kwa muda, kisha anavuta pumzi kwa nguvu. Hilo halikunitisha, kwa sababu huko juu wengi wetu hulala hivyo. Kilichonitisha ni viatu. Tulipoamka alihangaika na kamba za kiatu kimoja mpaka sisi wengine tukamaliza kujifunga, na bado fundo halikushika. Tukamwomba atembee kwenye ubao wa sakafu, kisigino mbele ya kidole. Aliyumba kama mlevi. Ubongo ulikuwa unavimba, naye bado anasisitiza yuko sawa. Wenzake wawili waliacha kilele wakamteremsha usiku uleule, wamemshika huku na huku. Alipona kwa sababu alishushwa mapema.

Kuna hatari nyingine inayojificha nyuma ya hiyo. Upepo ukizidi, watu hufunga mlango na madirisha, wakayeyusha theluji ndani kwa jiko la gesi. Jiko likikosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu, na dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma na kichefuchefu. Nani atajua kama ni kimo au ni jiko, ikiwa kila mmoja amefunga mdomo? Wenye jiko wapikie nje au waache dirisha wazi, hata kama baridi inauma. Kwa hili sina subira na mtu.

Kanuni yenyewe inajulikana. Ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na unapolala leo, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Ukiumwa, usipande tena mpaka upate nafuu. Ukianza kuyumba au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, shuka hapohapo, usingoje kupambazuke.

Ombi langu ni kwa wanaosimamia vibanda hivi. Daftari la wageni huuliza jina, nchi na njia ya kupandia. Liongezwe safu mbili: jana ulilala mita ngapi, na sasa hivi kichwa kinauma au la. Anayeondoka usiku ajibu tena swali la pili mbele ya yule atakayefungwa naye kamba moja. Huyo mwenzake ndiye mwenye haki ya kwanza ya kujua, kwa sababu mmoja akiteleza wanakwenda wote wawili.

Mpanda milima, msomaji wenu