Anayetaka kusomea Ugiriki na Roma ya kale asiiache lugha

Mhariri,

Msimu wa maombi ya vyuo vikuu ukifika, hapa Lamu hakukosi kijana mmoja wawili waliofanya vyema Historia na lugha, wakataka kusomea ustaarabu wa Wagiriki na Warumi wa kale. Nyumbani huulizwa watakula nini. Ni swali la haki, ila kuna jingine la kutangulia ambalo wazazi na walimu hawaliulizi: kozi yenyewe ina lugha au haina? Sisi tunaofundisha fani hii tunaona vijana wakipotea hapo hapo.

Vyuo hutoa shahada za aina mbili, na majina yake yanakaribiana mno. Ya kwanza humfundisha mwanafunzi Kigiriki cha kale na Kilatini, kisha akayasoma maandishi yenyewe. Ya pili hufundisha historia, sanaa, falsafa na siasa za Athens na Roma kwa kutumia tafsiri za Kiingereza. Hiyo ya pili si shahada ya kubezwa. Anayehitimu hujua kupima ushahidi na kujenga hoja, na waliopitia huko wamo katika ualimu, makumbusho, uandishi wa habari na sheria. Lakini akitaka kufika uzamifu, mambo humgeukia. Ataulizwa Kigiriki na Kilatini, tena awe anasoma Kijerumani na Kifaransa, kwa kuwa utafiti mwingi umeandikwa kwa lugha hizo. Kuzianza lugha zote hizo baada ya shahada ya kwanza, basari imekwisha, ni mzigo mzito.

Kwa mtu wa Lamu hasara ni kubwa zaidi, kwani maelezo ya kale kabisa yanayojulikana kuhusu mwambao wetu yameandikwa kwa Kigiriki. Ni Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa safari na biashara za baharini, kitabu cha mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Kina vifungu vifupi 66, na hukadiriwa kuwa cha katikati ya karne ya 1, kwa sababu kinamtaja Malichus mfalme wa Wanabatea wa kaskazini mwa Uarabuni, aliyetawala takriban mwaka 40 hadi 70. Vifungu vya 15 hadi 18 vinahusu Azania, yaani pwani hii. Mwandishi anahesabu vituo vya safari kutoka kaskazini hadi visiwa vya Pyralaoi na mkondo ulio karibu navyo, ambavyo wataalamu wengi huvitambua kuwa ni visiwa vyetu vya Lamu. Baadaye anafika kisiwa cha Menouthias, chenye vyombo vya kushonwa na watu wanaonasa samaki kwa vikapu kwenye midomo ya vijito, kisha mji wa soko wa Rhapta, penye pembe za ndovu nyingi. Mitepe ya kushonwa kwa kamba za usumba iliendelea kuundwa katika visiwa vyetu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo wazee wa hapa hawahitaji kuelezwa chombo anachokisema.

Sasa mwanafunzi asiyejua Kigiriki na afungue kifungu cha 16. Katika tafsiri ya Schoff ya mwaka 1912, wakazi wa pwani hii ni watu wa miraba minne wenye tabia ya uharamia. Katika tafsiri ya Casson ya mwaka 1989, watu hao hao ni wakulima. Sababu ni kwamba neno lilivyo katika mswada haliingiani vizuri na sentensi, na kila mhariri amelisahihisha kwa hoja zake. Mswada mkuu ni wa karne ya 10, uko Heidelberg, na maktaba ya chuo kikuu hicho imeuweka mtandaoni bure. Tafsiri ya Schoff nayo ni bure kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha; ya Casson hununuliwa. Ndiyo maana uharamia umeenea katika insha za wanafunzi wetu na wakulima hawatajwi. Anayesoma tafsiri hana la kufanya ila kumwamini mmoja na kumwacha mwingine. Anayesoma Kigiriki hutazama herufi zilizoandikwa, akapima ni sahihisho gani linalozigusa kidogo zaidi na kuleta maana, akatoa hukumu yake. Tunaona ni jambo la kusikitisha kwamba hukumu hiyo juu ya mababu wa mwambao imetolewa hadi leo na watu wa mbali peke yao.

Na watoto wa Lamu wana akiba ambayo wengi wanaoanza fani hii Ulaya hawana. Aliyesoma nahau ya Kiarabu madrasa, akapita katika Ajurrumiyya, kitabu cha kuanzia nahau hiyo, anajua kwamba mwisho wa neno ndio unaosema nani katenda na nani katendwa. Marfuu, mansubu na majruri, yaani hali tatu za nomino ya Kiarabu, anazijua. Kigiriki kina hali tano za nomino na Kilatini kina sita. Zinaongezeka tu juu ya alichonacho. Idadi ya wawili, ile muthanna, imo katika Kigiriki pia. Mzungumzaji wa Kiswahili naye amezoea ngeli kutawala sentensi nzima, na amezoea mtenda kukaa ndani ya kitenzi. Kilatini husema „amo” kwa neno moja kama sisi tusemavyo „napenda”. Wanafunzi wanaozungumza Kiingereza huteseka muhula mzima kulikubali jambo hilo.

Kuanza kusiwe kwa kusubiri barua ya chuo. Alfabeti ya Kigiriki ina herufi 24, na wiki moja inatosha. Mwanafunzi aandike kwa herufi za Kigiriki tangu siku ya kwanza; anayeandika kwa herufi za Kirumi huchelewa sana baadaye. Asiziache alama juu ya irabu za mwanzo, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kama kuna sauti ya „h”: „oros” ni mlima, „horos” ni mpaka, na tofauti katika maandishi ni kialama kidogo kama koma, kimeelekea kulia au kushoto. Kisha ahifadhi jedwali la neno la kujulisha nomino, lile linalofanya kazi kama „al” ya Kiarabu, kabla ya majedwali mengine. Neno hilo hutangulia nomino nyingi na hubadilika kwa hali, jinsia na idadi, kwa hiyo anayelijua hutambua kazi ya nomino hata kama nomino yenyewe hajaizoea.

Nomino ahifadhi kwa maumbo mawili, si moja. Katika Kilatini „rex”, mfalme, shina lake limejificha na huonekana katika „regis”. Asiyejua hilo hukutana na „regem” akadhani ni neno geni. Vitenzi ndivyo vinavyowatoa wengi darasani. Kamusi huviorodhesha kwa umbo la „mimi” la wakati uliopo, na baadhi ya vitenzi hubadilika hata havitambulikani. „Tuli”, nilileta, hutafutwa chini ya „fero”. Katika Kigiriki „elthon”, nilikuja, hutafutwa chini ya „erkhomai”. Mwanafunzi hupekua kamusi nusu saa bila kupata, akakata tamaa, na kumbe hakuambiwa tu kwamba vitenzi vya namna hiyo ni vichache na vinahifadhika. Kitenzi cha Kigiriki kina maumbo ya msingi sita, cha Kilatini manne. Yasomwe kwa sauti, kama watoto wasomavyo madrasa kwa mwalimu, saa moja kila siku. Saa sita za Jumamosi hazifanyi kazi hiyo.

Kosa jingine ni kuandika maana juu ya kila neno ndani ya kitabu. Jicho husoma maana na kuruka Kigiriki. Maana ziandikwe kwenye daftari la pembeni. Maktaba ya kidijitali ya Perseus, ya Chuo Kikuu cha Tufts, ni bure, na ukibonyeza neno hukuonyesha uchambuzi wake. Ila mara nyingi hutoa chambuzi tatu au nne, na mashine haijui ni upi unaofaa katika sentensi ile. Wanafunzi wengi huchukua wa kwanza. Atafute kitenzi kwanza, kisha mtenda, ndipo achague.

Kuhusu mahali, si lazima Ulaya. Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, kinafundisha fani hii tangu kilipoanzishwa mwaka 1948. Chuo Kikuu cha Ghana kina idara ya falsafa na masomo ya kale, na Malawi pia inafundisha, Zomba. Hapa Kenya Kigiriki hufundishwa zaidi katika vyuo vya theolojia kwa ajili ya Agano Jipya. Kigiriki hicho ni cha karne ile ile ya Periplus, nacho humfikisha mtu haraka kwenye kitabu hicho kuliko Kigiriki kigumu cha Thucydides, mwanahistoria wa Athens. Anayelenga Uingereza ajue kwamba Cambridge ina njia ya miaka minne kwa asiye na Kilatini, na kwamba karo ya mwanafunzi wa kigeni huko ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mwenyeji.

Kamati za basari nazo zisiifute kozi hii kwa jina lake. Vitabu vya mwanafalsafa Aristu (Aristotle) na tabibu Jalinus (Galen), walioandika kwa Kigiriki, vilitafsiriwa kwa Kiarabu Baghdad katika karne ya 9, na sehemu ya mwisho ya kitabu cha Jalinus cha namna ya kupasua miili kwa uchunguzi imesalia kwa Kiarabu peke yake. Asili ya Kigiriki ya sehemu hiyo imepotea. Wanaoweza kusoma pande zote mbili ni wachache duniani, na mji wenye elimu ya Kiarabu kama Lamu unaweza kuwatoa.

Kabla ya kulipa chochote, mzazi aiandikie idara na kuuliza: lugha inaanzwa kutoka sifuri? Ni saa ngapi darasani kwa wiki? Zikiwa chini ya nne katika mwaka wa kwanza, hazitoshi. Mwanafunzi ataanza muhula gani kusoma maandishi halisi yasiyorahisishwa? Na je, anaruhusiwa kuunganisha Kigiriki na Kiarabu katika shahada moja? Oxford inaruhusu; vyuo vingine hukubali vikiombwa mapema, kabla ya masomo kusajiliwa.

Walimu wa lugha na historia ya kale,
Mkomani, Lamu