Sio kodi inayotutoa kwenye nyumba, ni miezi 6 ya mkupuo

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Wiki iliyopita mlitoa barua ya msomaji mmoja anayesema haya mashirika yanayopangisha familia vyumba kwa bei ndogo yanadekeza watu, eti mtu mwenye nguvu zake akatafute hela apange kama wenzake. Mi ni fundi cherehani hapa Dodoma, nina watoto watatu, na ni mmoja wa hao wanaodekezwa, kwahiyo naomba na mimi nafasi kidogo.

Tuanze na hesabu, maana nahisi mwandishi analala kwake. Chumba nilichokuwa nimepanga Chang'ombe kilikuwa elfu 60 kwa mwezi. Elfu 60 naipata bana. Kuna mwezi wa sare za shule naipata ndani ya siku nne, kuna mwezi naokoteza mpaka tarehe 30 lakini inatimia. Sasa mwenye nyumba hataki elfu 60, anataka miezi 6, hiyo ni laki 3 na elfu 60, juu yake dalali anataka ya mwezi mmoja, umeshafika laki 4 na elfu 20 hujanunua hata kitasa, na hapo sijahesabu zile elfu tano tano za kupelekwa kuona vyumba, unafika unakuta kimoja hakina dirisha, kingine kimechukuliwa tangu juzi na dalali anajua kabisa kimechukuliwa ila ameshaweka hela yako mfukoni. Laki 4 na ushee kwa mpigo fundi cherehani anaitoa wapi? Anaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya. Halafu ile riba ya kila wiki inakula elfu 60 ya mwezi unaofuata, miezi 6 ikiisha huna kitu, na mwenye nyumba anagonga.

Mimi niligongewa Januari, wakati ambao kila mzazi anajua hali inakuwaje. Elimu bila ada ipo kweli lakini sare, viatu, madaftari na begi havijawahi kuwa bila ada. Nikaomba nilipe mwezi mwezi, akakataa, akasema kuna mtu anakuja na hela ya mwaka mzima. Nikapakia vitu kwenye guta, cherehani nikaifunga turubai, na mvua za Dodoma si mnazijua, mwaka mzima vumbi halafu siku moja linamwagika lote, tulinyeshewa kuanzia barabarani mpaka Veyula kwa dada yangu. Cherehani ilipona. Kilicholowa ni mfuko wa vitenge vya wateja, sare ya kitchen party, kitenge chekundu kikachuja rangi kwenye vyeupe vyote, vipande 11. Nilivilipa. Miezi minne tukalala watu 9 vyumba viwili, wateja wangu wa Chang'ombe wakahamia kwa fundi mwingine maana nani akufuate Veyula kupunguziwa gauni, na mtoto wangu wa kati akawa anafika shule saa tatu.

Shirika lenyewe silitaji kwa sababu sijawaomba ruhusa. Wana kiwanja upande wa Nkuhungu, vyumba 14 na choo cha maana, simtanki mbili za maji, wamejengea yale matofali ya kufungamana, udongo na saruji kidogo unashindilia kwenye mashine ya mkono halafu unayaacha yakomae bila kuchomwa, hamna kuni iliyokatwa hapo. Kodi elfu 45, unalipa tarehe 5 ya kila mwezi, hakuna dalali, mwisho miaka miwili. Na elfu 10 kila mwezi lazima uiweke kwenye kikoba kwa jina lako, usipoweka unaitwa. Sasa hapo kudekezwa kuko wapi, mbona nalipa?

Kinachonisaidia zaidi wala sio hiyo elfu 15 niliyopunguziwa, ni hilo neno mwezi mwezi. Tangu nimeingia sijakopa kausha damu hata mara moja. Halafu kuna dada wa ustawi anapita kila Jumatano, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kama mtu wa nyumbani, anauliza ya watoto kwanza. Yeye ndo alienda kuongea na mwalimu mkuu kuhusu yule wa kati. Siku moja akatukusanya akatusomea mkataba wa kupanga mstari kwa mstari, kumbe kule Chang'ombe nilishasaini kwamba matengenezo yote ni juu yangu mpaka paa! Na mimi nilikuwa nalala kwenye matone nikijua nitadai.

Sisemi hawana makosa. Orodha ya wanaosubiri ni ndefu na ukiuliza uko wa ngapi hakuna anayekwambia, na lile bango la wafadhili pale getini ni kubwa kuliko mlango wangu, kila mteja akija anajua napoishi ni pa kusaidiwa. Hilo linauma kidogo, lakini tuliache.

Huyu msomaji anaongea kama vile mji umesimama palepale. Sensa ya 2012 Dodoma mjini tulikuwa 410,956, ya 2022 tukawa 765,179. Hapo katikati ilitangazwa 2016 kwamba serikali inahamia huku, 2018 tukawa jiji, wizara zikaenda Mtumba, na kila aliyekuwa na chumba cha uani akajua thamani yake. Simlaumu, na yeye ana watoto. Nyumba za NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, kule Iyumbu nzuri, nimepita nimeziona, ila ile ni ya mtu mwenye mshahara unaopita benki. Sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 nayo ilifutwa 2005, kwahiyo saa hizi ni wewe na mwenye nyumba mtakavyoelewana, na mwenye watoto watatu mikononi na godoro kwenye guta haelewani na mtu, anakubali tu.

Na hao wanaosema maskini hawezi kujijengea waende Chamazi kule Dar. Watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wengi wapangaji, na mpangaji ndo kabisa hafikiriwi, wakaweka akiba kidogo kidogo kwenye vikundi vya shirikisho lao la maskini wa mijini, shirika la CCI likawashika mkono, wakanunua ardhi, wakafyatua matofali ya kufungamana haya haya kwa mikono yao wakajenga. Walidekezwa na wao? Jiji letu linapima viwanja kila siku, vikundi kama hivyo vikitengewa hata block moja ambayo sio porini, inayofikika kwa daladala moja, na kulipia kidogo kidogo, mi naamini wengi tungetoka kwenye midomo ya madalali.

Miaka yangu miwili inaisha Juni. Kwenye kikoba nina laki 2 na elfu 10, sijakosa mwezi hata mmoja, daftari lipo na saini zipo. Haitoshi miezi 6 ya mtu. Kwahiyo Mhariri nakuomba, kama kuna mwenye nyumba anasoma hapa, Nkuhungu, Kizota au hata Mnadani, ana chumba kimoja chenye dirisha na anapokea kodi kwa mwezi, aache namba hapo ofisini kwenu nitapita kuichukua. Cherehani yangu ni ya mguu, haili umeme wake.

Fundi cherehani,
Nkuhungu, Dodoma