Kabla hujalipa kilemba: wakili anamsaidiaje mfanyabiashara mdogo

Wengi huja kwa wakili wakiwa tayari wameshika wito wa mahakama, au barua ya kuwataka wahame ndani ya siku saba. Hapo kinachobaki ni kupunguza hasara. Kazi ya wakili wa biashara yenye tija zaidi, na yenye gharama ndogo zaidi, hufanyika kabla ya sahihi, pale karatasi inapokuwa bado inaweza kubadilishwa. Makala hii inahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na ofisi zake.

Tuanze na fremu, yaani chumba cha biashara cha kupanga, maana ndipo pesa nyingi za kuanzia zinapoingia. Mkataba wa kurasa mbili unaochapwa steshenari huwa na sentensi hii au ndugu yake: "Mpangaji akikiuka masharti, mkataba utakuwa umevunjika na hatadai chochote." Masharti yapi? Kuchelewesha pango siku mbili na kuigeuza fremu kuwa gereji yanapewa adhabu ileile. Na wewe uliyelipa mwaka mzima mbele, ukitolewa mwezi wa tatu, umeshakubali kwa sahihi yako kwamba miezi tisa iliyobaki si yako. Wakili akiishika sentensi hiyo huigeuza kuwa kitu kinachopimika: "Pango likichelewa zaidi ya siku 14, mwenye jengo atatoa notisi ya maandishi ya siku 30. Mpangaji akilipa ndani ya muda huo, mkataba unaendelea. Mkataba ukisitishwa, pango la miezi ambayo haijatumika litarudishwa ndani ya siku 30." Maneno yameongezeka kidogo tu, ila sasa kila upande unajua saa inaanza kuhesabu lini.

Kabla ya maneno hayo kuna swali kubwa zaidi: anayesaini ni nani? Mara nyingi si mwenye jengo. Ni msimamizi, mtoto wa marehemu, au mpangaji mwenzako anayeondoka. Kama mwenye jengo amefariki, omba kuona uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Kwa mirathi ya Mahakama ya Mwanzo karatasi hiyo ni Fomu Namba IV. Mtoto mkubwa wa marehemu bila uteuzi huo hana mamlaka ya kukupangisha, hata kama mtaa mzima unamtambua. Kama ni msimamizi wa jengo, aonyeshe barua au hati ya uwakilishi inayomruhusu kusaini mikataba, si kukusanya pango tu. Wakili pia hufanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati, kuona jina lililo kwenye hati na kama jengo limewekwa rehani benki. Rehani si sababu ya kukimbia, ila ni sababu ya kutolipa miaka mitatu kwa mkupuo.

Kilemba, yaani pesa anayodai mpangaji anayetoka ili akuachie fremu, nacho kina mtego wake. Unampa mpangaji anayetoka milioni kadhaa mkononi, anakukabidhi funguo, na wiki mbili baadaye mwenye jengo anasema hakufahamu chochote na hakutambui. Mpangaji huyo hawezi kukupa haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Njia salama ni makubaliano ya pande tatu: anayetoka, anayeingia na mwenye jengo, wote wanasaini siku moja, kilemba kinatajwa kwa tarakimu, na mkataba mpya wa pango unasainiwa hapohapo. Ukiambiwa mwenye jengo "atasaini baadaye", kilemba nacho kilipwe baadaye.

Halafu kuna hesabu za TRA ambazo dalali hazitaji. Fremu ya shilingi 400,000 kwa mwezi ni 4,800,000 kwa mwaka. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 480,000, na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha. Mwenye jengo anapata 4,320,000 pamoja na cheti cha kodi iliyozuiwa. Wenye majengo wengi husema, "Mimi nataka yangu kamili." Ukikubali, pango lako halisi limekuwa 5,333,333 na kodi ya kuzuia ni 533,333, kutoka mfukoni mwako. Ukimlipa kamili na usipeleke kitu, deni la kodi linabaki kwako, na riba juu. Ndiyo maana kipengele cha pango lazima kiseme wazi kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kodi ya zuio. Ongeza ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka, hapa 48,000, unaolipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe, na kwa kawaida mtu hugundua hilo siku anayouhitaji.

Pango la dola? Tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa miamala ya ndani. Mkataba mpya uandikwe kwa shilingi.

Mengine ya fremu yanaenda haraka: LUKU ni ya peke yako au ya pamoja, nani anabaki na rafu na vigae ulivyoweka, notisi ya kuongeza pango ni ya muda gani.

Sehemu ya pili inayokula mitaji ni mali kauli, yaani kutoa mzigo kwa mkopo. Unampelekea mteja wa mkoani mzigo wa milioni sita, mmezoeana, anasema atalipa mwisho wa mwezi. Ushahidi wako ni nini? Mara nyingi ni meseji za WhatsApp kutoka namba uliyoihifadhi kama "Bosi wa Mbeya", na daftari lililoandikwa na mhudumu aliyeshaacha kazi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu meseji kutumika kama ushahidi, lakini lazima uonyeshe zimetoka kwa nani na zimetunzwaje. Picha ya skrini iliyokatwa nusu haifiki mbali. Usifute mazungumzo, usiuze simu hiyo, na mwombe mteja aandike jina lake kamili ndani ya mazungumzo yenyewe angalau mara moja.

Karatasi inayotosha kwa mali kauli ni ukurasa mmoja: jina kamili na namba ya NIDA ya mpokeaji, orodha ya mzigo na bei, tarehe ya kulipa, na sahihi ya aliyepokea. Ongeza maneno "bei ya mzigo huu haijalipwa". Yanaonekana ya kipuuzi, ila mdaiwa anaweza kutoa risiti yako ya EFD mahakamani na kusema, "Hii hapa, nimeshalipa." Risiti ile inaonyesha mauzo yamefanyika, maneno yale yanaonyesha fedha bado.

Deni likikwama, wakili huandika notisi ya madai. Notisi nzuri haina vitisho. Inataja kiasi, chanzo cha deni, tarehe lilipoiva, siku za kulipa (7 au 14 kwa kawaida) na akaunti ya kulipia. Madeni mengi hulipika au hupangiwa awamu hapo. Mdaiwa akiomba awamu, mpe, lakini aandike na kusaini kwamba anadaiwa kiasi fulani. Ukomo wa kudai deni la mkataba ni miaka 6, na kukiri deni kwa maandishi kabla muda huo haujaisha huanzisha hesabu upya.

Kosa la kawaida kwa wanaojiandikia kesi ni kumshtaki asiyeshtakika. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) si mtu kisheria. Anayeshtakiwa ni mwenyewe, "anayefanya biashara kwa jina la" fulani. Kampuni ni kinyume chake: inashtakiwa kampuni, si mkurugenzi aliyekupigia simu. Kesi ikifunguliwa dhidi ya mtu asiye sahihi inaweza kutupwa na utaanza upya, ilhali miaka 6 haikusubiri. Na polisi si wakusanya madeni. Kushindwa kulipa ni suala la madai, isipokuwa kuna udanganyifu wa kweli tangu mwanzo.

Kuhusu ubia, jambo moja. Wawili wakianza biashara bila makubaliano, sheria inachukulia kwamba faida na hasara zinagawanywa sawa, hata kama mmoja aliweka milioni nane na mwenzake mbili. Na mdai wa nje anaweza kumfuata yeyote kati yenu kwa deni zima. Andikeni mgao, nani anasaini benki, na mmoja akitaka kutoka thamani ya sehemu yake inapimwaje.

Upande wa wafanyakazi, mkataba wa maandishi unamlinda mwajiri zaidi kuliko anavyodhani: mgogoro ukifika CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) na mwajiri hana maandishi, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa.

Si kila kitu kinahitaji wakili. Kusajili jina la biashara kwenye mfumo wa BRELA unaweza kufanya mwenyewe ukiwa na NIDA na simu janja. Ila jua kwamba usajili huo haukupi umiliki wa nembo. Alama ya biashara husajiliwa kivyake, kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila miaka 10.

Kabla ya kumlipa anayejiita wakili, tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka wapo, na hati ya kisheria iliyoandaliwa na asiyeruhusiwa inaweza kukataliwa. Ada ikubaliwe kwa maandishi, ikisema kama ndani yake kuna stempu, ada za mahakama na nauli, na udai risiti ya EFD kama unavyodaiwa wewe dukani.

Ukija, njoo na kitambulisho, TIN, leseni, rasimu ya mkataba hata kama imeandikwa kwa mkono, na ushahidi wa kila malipo. Picha za simu zinatosha kwa kuanzia, mradi kurasa zote ziwemo, hasa ule wa sahihi.