Uwanja wa mtaa uboreshwe, lakini watoto wasifungiwe nje

Mhariri,

Mtaani kwetu, hapa Temeke, Dar es Salaam, tumegawanyika kuhusu uwanja wa wazi. Mwekezaji ameomba kuuzungushia uzio, kutandika nyasi bandia, kufunga taa, kisha kuukodisha kwa saa. Mkutano wa kwanza uliishia kwenye kelele, na wa pili umeshatangazwa.

Wanaounga mkono wana hoja, na sipendi wanavyobezwa. Kiangazi vumbi linaingia hadi jikoni kwa majirani, masika uwanja unageuka dimbwi, na usiku wavuta bangi wameihodhi kona ya nyuma kiasi kwamba kina mama wanaotoka sokoni wanalazimika kuzunguka. Mzee mmoja alisema jambo zito zaidi: uwanja usio na mwangalizi ndio unaomegwa. Leo kibanda, kesho gereji, keshokutwa mtu anatokea na hati. Maeneo mengi ya wazi ya jiji hili yamekwenda hivyo hivyo.

Lakini uzio wenye mlango wa kulipia unamlinda nani? Alfajiri wazee wananyoosha viungo pale. Watoto wakitoka shule, wavulana wana chandimu yao na wasichana rede yao, wengi wao peku. Jioni mabinti wa netiboli wanapokezana na timu ya mpira kwa makubaliano ambayo hayajawahi kuandikwa popote. Ukitokea msiba, na nyumba zetu zimebanana hivi, turubai linafungwa uwanjani, viti vya kukodi vinapangwa, sufuria za wali zinainjikwa pembeni. Nyasi bandia hazivumilii moto wala vigingi. Tena jua la Januari likizipiga zinaunguza kuliko udongo. Mtoto peku hatazikanyaga adhuhuri. Mkutanoni hakuna aliyeligusia hilo.

Uboreshaji wenyewe siupingi. Kidongo Chekundu, viwanja vya JMK (Jakaya Mrisho Kikwete) vilivyofunguliwa mwaka 2015 vina nyasi bandia, na vilijengwa kwa ajili ya vijana. Ninachopinga ni mtoto wa mpangaji wa chumba kimoja kusimama nje ya wavu akitazama wenye pesa wakicheza mahali alipozaliwa akipakuta pa wote.

Kwa hiyo naomba nyasi zitandikwe nusu tu, nusu nyingine ibaki udongo kwa ajili ya misiba, harusi na watoto. Hata kwenye nyasi, watoto na netiboli waingie bure hadi saa kumi na mbili jioni kila siku, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba, maana ahadi ya mdomo haina wa kuidai. Rasimu ya mkataba ibandikwe ofisi ya mtaa kabla ya kusainiwa. Viongozi wetu wakumbuke pia kwamba matumizi ya eneo la wazi hayabadilishwi kwa muhuri wa mtaa peke yake: Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imeweka mamlaka ya upangaji kwa kazi hiyo.

Mkutano wa kwanza uliitwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati mama lishe, mafundi na wachezaji wenyewe wako kwenye shughuli zao. Huu wa pili uwekwe Jumapili saa kumi jioni, na ufanyikie uwanjani.

Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam