Ongea na maabara kabla tezi ya adrenali haijatolewa

Ombi la kupima vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea amri ya homoni, hutufikia sisi wa maabara tezi ikiwa tayari iko ndani ya fomalini, kimiminika cha kuhifadhi nyama ya mwili. Hapo tunaweza kufanya kazi, ila nusu ya majibu imeshapotea.

Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, hutoa homoni ya kotisoli zikiamriwa na ACTH, homoni ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Wapo watu ambao tezi zote mbili hujaa vinundu na kuvimba, kotisoli ikawa juu ilhali ACTH iko chini kabisa. Nani basi anaamrisha? Mara nyingi seli za vinundu zina vipokezi visivyostahili kuwa pale, au vilivyozidi: vya vasopresini, adrenalini, serotonini, LH (homoni inayoamrisha ovari na korodani), hata GIP, homoni ya utumbo inayotoka tukila. Hali hii ya GIP ilielezwa mwaka 1992. Mgonjwa akiwa hajala kotisoli huweza kuwa chini, akishakula inapanda, kwa hiyo kipimo cha alfajiri pekee kinaweza kumpoteza daktari.

Kupima kotisoli mgonjwa akilala, akisimama na akila ni kazi ya hospitali. Sisi tunahitaji nyama ya tezi. Fomalini inatosha kuangalia umbo la seli kwa darubini na kupaka kingamwili, protini zinazoshika kipokezi na kukionyesha kwa rangi ya kahawia. Lakini kingamwili za vipokezi hivi hushika hata visivyohusika, na doa la kahawia peke yake hatuliandikii ripoti. Tunataka kuona RNA pia, nakala ya jeni inayoonyesha kama seli inatengeneza kipokezi, na kwa hiyo tunaomba kipande kigandishwe papo hapo kwenye nitrojeni ya kimiminika, kisha kitunzwe kwenye nyuzi -80. Kateni kwenye zaidi ya kinundu kimoja, maana vinundu vya tezi moja havifanani.

Tukikuta kipokezi, haina maana kwamba ndicho kinachosukuma kotisoli. Jibu lisomwe pamoja na vipimo vya hospitali. Wachache wamesaidiwa na propranololi, dawa inayozuia vipokezi vya adrenalini, au na dawa ya kushusha LH, ingawa upasuaji ndio tiba kuu. Kikiwa cha GIP, muulize daktari kuhusu jeni ya KDM1A. Katika vinundu vya pande zote mbili kwa jumla, uliza kuhusu jeni ya ARMC5. Hitilafu za jeni hizi huweza kurithiwa; zote hupimwa kwa damu, na ndugu wa mgonjwa huenda wakahitaji kupimwa.

Na tafadhali, asichomwe mtu sindano ya kunyofoa nyama ya adrenali kwa ajili ya kipimo hiki. Tunapokea tezi iliyotolewa kwa sababu ya matibabu tu.